Tamathali za usemi katika Kiingereza: mwongozo wa kuzisikia, kuzitaja na kuzieleza

Mtu aliyemaliza kidato cha nne akiwa na fasihi ya Kiswahili kichwani tayari anajua tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, kinaya, tasfida na chuku. Ajabu ni kwamba akihamia kwenye fasihi ya Kiingereza anaanza moja upya. Anakariri orodha ya majina mageni, simile, anaphora, litotes, chiasmus, na siku ya mtihani anaandika kwamba mwandishi ametumia takriri ili kusisitiza ujumbe wake. Sentensi hiyo unaweza kuiandika kuhusu shairi lolote duniani bila kulisoma, na msahihishaji analijua hilo.

Mwongozo huu ni wa wanaosoma Literature in English Tanzania, wanaojiandaa kwa maswali ya fasihi katika mtihani wa Kiingereza wa KCSE Kenya, na yeyote anayetaka kusoma Kiingereza kwa sikio la mtu mzima. Msimamo wangu ni kwamba tamathali ni kitendo. Kuna mtu anasema, kuna mtu anasikiliza, na yule wa kwanza anamfanyia yule wa pili jambo fulani. Kazi yako ni kulishika jambo hilo. Jina la Kigiriki utaliweka baadaye.

Hatua ya 1: Soma kwa sauti, kalamu ikiwa bado mezani

Mfano wa kwanza si wa Mwingereza. Tarehe 22 Oktoba 1959, Julius Nyerere alisema maneno haya kwa Kiingereza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika:

"We, the people of Tanganyika, would like to light a candle and put it on the top of Mount Kilimanjaro which would shine beyond our borders giving hope where there was despair, love where there was hate and dignity where before there was only humiliation."

Wengi tunayajua kwa Kiswahili kupitia Mwenge wa Uhuru, ule ambao Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha kileleni usiku wa uhuru, Desemba 1961. Sasa yasome kwa Kiingereza, taratibu, mara mbili. Sikio litakuambia mambo ambayo jicho haliyaoni. Kuna jozi tatu zinazokwenda kwa mwendo mmoja: tumaini na kukata tamaa, upendo na chuki, heshima na kudhalilishwa. Jozi mbili za kwanza ni fupi na zinalingana. Ya tatu inarefuka: "where before there was only humiliation". Msemaji ameongeza "before" na "only", na neno la mwisho lina silabi tano. Pumzi inakaa hapo. Katika Tanganyika ya 1959, neno ambalo sauti inalielemea ni kudhalilishwa, na nadhani hilo halikutokea kwa bahati.

Bado hujataja tamathali hata moja, lakini umeshapata nusu ya jibu.

Hatua ya 2: Sema mstari uleule kwa lugha kavu

Chukua kilichosemwa, ukiandike bila pambo lolote. Kwa hotuba ya Nyerere, lugha kavu ni hii: tukipata uhuru, tungependa kuwa mfano mwema kwa nchi jirani. Iweke kando ya ile ya asili na ujiulize nini kimepotea. Kile kilichopotea ndicho utakachokieleza kwenye jibu lako.

Kimepotea kitu gani hapa? Kwanza mshumaa. Mlima ule una mita 5,895, na juu kuna upepo na barafu. Hakuna mshumaa utakaowaka pale hata kwa dakika moja, kwa hiyo hatuzungumzii mshumaa. Hii ni sitiari, metaphor kwa Kiingereza. Udogo wa mshumaa una maana: nchi maskini, ambayo hata uhuru haijaupata, inataka kuwaangazia wengine. Katika Kiswahili cha Mwenge picha imebadilika. Mwenge ni mkubwa, hubebwa mkononi, hukimbizwa kutoka mkoa hadi mkoa. Mshumaa hukaa pale ulipowekwa, na mtu huukinga kwa kiganja. Ukieleza sitiari ya hotuba ya Kiingereza ukiwa na mwenge kichwani, utaeleza picha ambayo haimo.

Pili, umepotea mwangwi wa sala. Mkristo, hasa Mkatoliki, akisikia "love where there was hate" hukumbuka ile sala maarufu inayohusishwa na Fransisko wa Asizi, inayoomba upendo palipo na chuki na tumaini palipo na kukata tamaa. Kurejelea maandishi mengine bila kuyataja Waingereza huita allusion. Hotuba ya siasa imebeba sauti ya ibada, na lugha kavu haiwezi kufanya hivyo.

Jaribio hili la lugha kavu linafanya kazi kwa karibu kila tamathali. Ukiona hakuna kilichopotea, basi huenda hapakuwa na tamathali, au palikuwa na tamathali iliyochakaa. "The leg of the table" ni sitiari iliyokufa, sawa na mguu wa meza kwetu. Usiipotezee muda.

Hatua ya 3: Tafuta ukoo wake

Vitabu vya Kiingereza vina majina mengi mno, na mengi hayana faida kwa msomaji wa kawaida. Mimi huyagawa kwa maswali manne. Je, maana ya neno imehama? Je, mpangilio wa maneno si wa kawaida? Je, sauti zinafanya kazi? Je, msemaji anamaanisha tofauti na anavyosema?

*Maana imehama*

Hapa ndipo walipo simile na metaphor. Tofauti mnaijua: tashbihi husema kitu ni kama kingine, sitiari husema ni hicho kingine. Onyo moja tu: si kila "like" au "as" ni tashbihi. "She looks like her mother" ni maelezo ya sura. Tashbihi huunganisha vitu vya aina mbili tofauti, kama Robert Burns anapofananisha mapenzi yake na waridi jekundu.

Swali zito zaidi ni kwa nini msemaji amechagua picha hii na si nyingine. Tarehe 3 Februari 1960, Waziri Mkuu wa Uingereza Harold Macmillan alisimama mbele ya Bunge la Afrika Kusini mjini Cape Town akasema, "The wind of change is blowing through this continent." Mwanafunzi ataandika kwamba upepo unaonyesha mabadiliko. Sawa, lakini kwa nini upepo? Angesema moto, watu wangeuliza nani kauwasha. Angesema mafuriko, angewatisha. Upepo hauna mwenyewe. Haukamatiki, haufungwi jela, wala hauhukumiwi, na anayeutaja halazimiki kusema kama anaupenda. Mwanasiasa aliyekuwa akiwaambia wabunge wa kizungu jambo ambalo hawakutaka kulisikia alichagua picha ambayo haina mkosaji wala shujaa. Wanaharakati wa Afrika, waliokuwa wakifungwa na kupigwa, wamefutika ndani yake. Ukifika hapo umesoma sitiari sawasawa.

Tashihisi, personification, ina mtego kwa sisi tunaotumia ngeli. Kiswahili kinapokipa kitu utu mara nyingi hukihamishia ngeli ya a-/wa-, kama hadithini Kifo "anapobisha" hodi. Kiingereza hakina ngeli. Kinatumia herufi kubwa, au "he" na "she" mahali ulipotarajia "it", au kitenzi ambacho ni cha binadamu tu. John Donne ana soneti, iliyochapishwa 1633 baada ya kufa kwake, inayoanza "Death, be not proud". Kifo kinaambiwa kisijivune. Hapo pana mambo mawili kwa pamoja: tashihisi, na ritifaa, yaani kumsemesha asiyekuwepo au kisichosikia, ambayo Waingereza huita apostrophe. Shairi linaishia na "Death, thou shalt die", kifo utakufa, nayo ni kweli kinzani, paradox. Tamathali tatu katika maneno yasiyofika kumi. Ukiulizwa kazi yake, jibu limo katika ule ujasiri: mtu ambaye naye atakufa anakishusha kifo kutoka kuwa nguvu na kukifanya kiwe mtu wa kugombana naye. Mtu unaweza kumshinda.

Metonymy na synecdoche huwachanganya hata walimu. Gazeti likiandika "Downing Street said", yaani mtaa ilipo ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza, au kwetu "Ikulu imesema", mahali pamesimama badala ya mtu kwa sababu kuna uhusiano kati yao. Hiyo ni metonymy. Nahodha akiita "all hands", mikono yote, sehemu ya mwili imesimama badala ya baharia mzima. Hiyo ni synecdoche. Kwenye mtihani, ukiwa na shaka, sema metonymy, kisha eleza uhusiano wenyewe; maelezo ndiyo yatakayokuokoa.

Chuku, au mubalagha kama wanavyosema wengi Tanzania, ni hyperbole, na haihitaji maneno mengi. Kinyume chake ndicho kigumu. Waingereza wanapenda kupunguza: kitu kizuri sana wanasema "not bad". Kusema jambo kwa kukanusha kinyume chake kunaitwa litotes, na kulipunguza kwa ujumla kunaitwa understatement. Msomaji wa Kiswahili hulipita bila kuliona, kwa sababu limefichwa katika upole. Katika Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare, Mercutio amechomwa upanga. Romeo anamwambia jeraha haliwezi kuwa kubwa, anajibu si refu kwenda chini kama kisima wala pana kama mlango wa kanisa, lakini linatosha: "ask for me to-morrow, and you shall find me a grave man". Grave ni mtu makini, na grave ni kaburi. Anakufa huku anachezea maneno, pun kwa Kiingereza. Mzaha huo unauma kuliko kilio kwa sababu wenzake hawajajua kwamba ni kweli.

*Mpangilio si wa kawaida*

Ukoo huu ni wa mahubiri na majukwaa. Takriri mwanzoni mwa sentensi ni anaphora: Winston Churchill bungeni tarehe 4 Juni 1940, "we shall fight on the beaches, we shall fight on the landing grounds", na kuendelea. Takriri mwishoni ni epistrophe: Abraham Lincoln pale Gettysburg, Novemba 1863, "of the people, by the people, for the people". Sentensi zenye umbo moja ni usambamba, parallelism. Vitu vitatu mfululizo ni tricolon. Mawazo yanayopingana yakiwekwa ana kwa ana ni antithesis, ukinzani.

Na kuna chiasmus, pale nusu ya pili inapogeuza mpangilio wa nusu ya kwanza. John F. Kennedy, Januari 1961: "ask not what your country can do for you, ask what you can do for your country". Nchi na wewe mmebadilishana nafasi, na wajibu umehama pamoja nanyi. Wachawi wa Macbeth wana "Fair is foul, and foul is fair": humo mgeuzo wa maneno ndio mgeuzo wa dunia ya tamthilia nzima, ambamo mwenyeji anamuua mgeni wake.

Churchill turudi kwake kidogo, maana anaonyesha jambo ambalo orodha hazisemi. Fuata mahali anapotaja: fukwe, viwanja vya kushukia ndege, mashamba, mitaa, vilima. Kwenye ramani, adui anazidi kusonga ndani na Waingereza wanarudi nyuma. Maneno "we shall fight" hayabadiliki. Kwa hiyo takriri hapa inafanya kazi mbili kwa pamoja: inakiri kwamba nchi inaweza kuvamiwa, na inakataa kwamba uvamizi ungebadilisha chochote.

*Sauti zinafanya kazi*

Hapa mswahili ana mitego mitatu mahususi.

Wa kwanza ni alliteration, takriri ya konsonanti mwanzoni mwa maneno. Katika Kiswahili upatanisho wa ngeli hutupatia takriri hiyo bure: "vitabu vyangu vizuri vimeliwa na viwavi". Hatuioni tena kuwa pambo. Katika Kiingereza hakuna ngeli inayolazimisha, kwa hiyo mtu akipanga b tatu mfululizo, amezitafuta. Uliza amezitafuta kwa nini.

Wa pili ni herufi. Sisi tunaandika kama tunavyotamka. Wao hawaandiki hivyo. "Knife" na "night" zinaanza kwa sauti moja, n. "City" na "cat" zinaanza kwa herufi moja lakini sauti mbili, s na k. Alliteration ni ya masikio. Vivyo hivyo vina: katika soneti ya 116 ya Shakespeare, "love" na "remove" zinafanana machoni, lakini kwa matamshi ya leo hazina kina kamili. Hali hiyo huitwa eye rhyme.

Wa tatu ni mizani. Tumezoea kuhesabu silabi, nane kwa nane kwenye mshororo wa shairi la kawaida, na mkazo wetu hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza huhesabu mikazo pamoja na silabi. Mshororo wa Shakespeare una silabi kumi, dhaifu na nzito zikipokezana, ili mikazo iwe mitano: iambic pentameter. "The evil that men do lives after them": piga meza kwa kidole kwenye e-, that, do, af-, them. Ukihesabu silabi peke yake utapata kumi na hutasikia chochote.

Tanakali za sauti, onomatopoeia, hazina siri: "buzz", "hiss", "crash".

*Msemaji anamaanisha tofauti na anavyosema*

Huu ndio ukoo mgumu kuliko yote, na una alama nyingi. Hapa nitachukua hotuba moja tu: Antony juu ya maiti ya Caesar, katika sehemu ya tatu ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, onyesho la pili. Tamthilia hii Nyerere aliitafsiri, na tafsiri yake ilitoka 1963, kisha ikatoka tena ikiwa imerekebishwa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ukiipata, soma zote mbili kwa pamoja.

Anza na hali ilivyo, maana bila hali hakuna kinaya. Brutus na wenzake wamemuua Caesar. Brutus amemruhusu Antony kuhutubia mazishini kwa masharti: asiwalaumu wauaji, na aseme kwamba anaongea kwa idhini yao. Umati umeshamsikia Brutus na umemkubali. Antony amefungwa mdomo na amesimama mbele ya watu wasiomtaka.

Anaanza: "Friends, Romans, countrymen, lend me your ears". Silabi moja, mbili, tatu, mlango unafunguka polepole. Brutus alianza na "Romans". Huyu anaanza na marafiki. "Nikopesheni masikio yenu" ni metonymy, masikio badala ya usikivu, na kitenzi chake ni cha unyenyekevu: mkopo hurudishwa. Kisha, "I come to bury Caesar, not to praise him", ukinzani ambao ni uongo mtupu, kwa kuwa amekuja kusifu.

Halafu inakuja silaha yenyewe: "For Brutus is an honourable man, So are they all, all honourable men". Brutus ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza sentensi hii ni adabu. Inafuata habari: Caesar alileta mateka Roma, fidia zao zikajaza hazina ya umma. Je, hiyo ni tamaa ya makuu? Lakini Brutus amesema alikuwa na tamaa, na Brutus ni mtu wa heshima. Inafuata nyingine: maskini walipolia, Caesar alilia. Lakini Brutus ni mtu wa heshima. Nyingine tena: alipewa taji mara tatu, akalikataa mara tatu. Je, hiyo ni tamaa?

Kila ushahidi unapowekwa, neno heshima linachacha. Hii ndiyo verbal irony, kinaya cha maneno, na imejengwa kwa takriri pamoja na maswali ya balagha. Hadi hapo Antony hajavunja sharti hata moja, hajamtukana mtu. Anayemalizia maana ni umati. Mbele kidogo, mmoja wao anapiga kelele: "They were traitors: honourable men!" Tusi limetoka, na halikutoka kinywani mwa Antony. Aliyezoea mipasho ya taarabu anaijua njia hii. Hakuna jina lililotajwa, na ukumbi mzima umegeuka kumtazama mhusika.

Kuna zaidi. Antony anatoa wasia wa Caesar, anasema hataki kuusoma: "'Tis good you know not that you are his heirs". Ni vizuri hamjui kwamba nyinyi ndio warithi wake. Kwa kusema hawajui, ameshawaambia. Kusema jambo kwa kudai hulisemi huitwa paralipsis au apophasis, na mikutano yetu ya kampeni imejaa: "Mimi simtaji mtu, lakini wenyewe mnamjua." Katikati ya hotuba anasita, anasema moyo wake umo jenezani pamoja na Caesar, angoje umrudie. Huo ni mdokezo, na pia ni hila: ukimya unawapa watu nafasi ya kuambiana walichosikia. Baadaye anadai yeye si msemaji hodari kama Brutus, ni mtu wa kawaida tu. Kufikia hapo umati ni wake.

Aina mbili nyingine za kinaya zieleweke kwa ufupi. Situational irony ni mambo kutokea kinyume na ilivyotarajiwa. Dramatic irony ni sisi kujua asichokijua mhusika. Katika Macbeth, mfalme Duncan anamzungumzia msaliti aliyeuawa, kwamba alimwamini kabisa, na sekunde hiyohiyo Macbeth anaingia. Watazamaji wanaujua moyo wa Macbeth. Mfalme anamkaribisha kwa mikono miwili.

Istilahi za kusimulia, kama flashback kwa mbinu rejeshi, foreshadowing kwa kidokezi cha yajayo, suspense kwa taharuki na soliloquy kwa uzungumzi nafsi, hazina ugumu kwa aliyesoma riwaya na tamthilia za Kiswahili. Utaratibu ni uleule.

Hatua ya 4: Sasa taja jina

Majina haya mengi ni ya Kigiriki na Kilatini, na Waingereza wenyewe yaliwatesa. Mwaka 1589 George Puttenham alichapisha kitabu cha ushairi akajaribu kuyapa majina ya nyumbani: irony akaiita "dry mock", dhihaka kavu, na hyperbole "loud liar", mwongo mwenye kelele. Hayakushika, kwa bahati mbaya, yalikuwa matamu. Sisi tulibahatika kuirithi elimu ya balagha ya Waarabu pamoja na msamiati wake, ndiyo maana tashbihi na mubalagha hazitutishi.

Katika jibu, taja jina unalolijua kwa hakika. Kama umesahau anaphora, andika "repetition at the beginning of each clause" na uendelee. Kutaja jina kubwa kimakosa ni hasara kuliko kueleza kwa maneno mepesi.

Hatua ya 5: Andika maelezo

Jibu dhaifu ni hili: "Antony uses repetition to emphasise his message." Ujumbe upi? Kwa nani? Kwa nini takriri na si kitu kingine?

Jibu lenye nguvu:

"Brutus has forbidden Antony to blame the conspirators, so Antony praises them instead. Each return of 'honourable' follows a fact that contradicts it, and the word sours until a citizen shouts, 'They were traitors.' The repetition lets the crowd reach the accusation that Antony was not allowed to make."

Tazama jinsi lilivyopangwa. Sentensi ya kwanza ni hali: nani, mbele ya nani, amezuiwa nini. Ya pili ni ushahidi, nukuu fupi zilizoingizwa ndani ya sentensi na si mistari minne iliyonakiliwa ili kujaza ukurasa. Ya tatu ni kazi ya tamathali. Neno "emphasise" halimo. Jizuie kulitumia kwa wiki chache, uone jinsi utakavyolazimika kufikiri. Badala yake kuna vitenzi vinavyosema jambo hasa: "undercuts" kwa kudhoofisha chini chini, "softens" kwa kulainisha, "delays" kwa kuchelewesha, "accuses", "flatters", "conceals".

Usiorodheshe tamathali saba katika aya moja. Mbili zilizoelezwa zinatosha swali la kawaida, na ukionyesha jinsi zinavyosaidiana, kama takriri na kinaya hapo juu, bora zaidi.

Zoezi

Rudi nyuma kidogo katika onyesho lilelile, kwenye hotuba ya Brutus kabla ya Antony kupanda. Yeye anasema kwa nathari, Antony kwa ushairi. Anza na hilo. Kisha chukua sentensi hii: "As Caesar loved me, I weep for him, as he was fortunate, I rejoice at it, as he was valiant, I honour him, but, as he was ambitious, I slew him." Isome kwa sauti, iandike kwa lugha kavu, uone ni wapi usambamba unageuka kuwa mtego. Kuua kumewekwa katika umbo lilelile la kulia, kufurahi na kuheshimu, kana kwamba ni hesabu inayojumlishwa.

Endelea hadi anapouliza ni nani hapa duni kiasi cha kutaka kuwa mtumwa, halafu anasema "I pause for a reply". Swali la balagha kwa kawaida halingoji jibu. Huyu anangoja. Eleza anafaidi nini kwa kungoja, na kama kungoja huko ni kwa kweli.

Mwisho, tafuta mwananchi anayepiga kelele "Let him be Caesar" baada ya Brutus kueleza kwamba amemuua Caesar ili Roma isiwe na mtawala wa namna ile. Brutus hamjibu. Taja ni aina gani ya kinaya, na andika sentensi tatu kama zile za hatua ya tano.